Chupa ya Mafuta ya Taa

Jioni moja, mwishoni mwa mwezi wa Septemba, 2018, mama mmoja wa Changamwe, mjini Mombasa, alimtuma binti yake dukani kununua mafuta ya taa. Mama huyo kazi yake ilikuwa kupika mahamri na mbaazi na kuwauzia watu waendao kazini alfajiri, na jiko lake lilikuwa jiko la tambi, lile liwakalo kwa mafuta ya taa. Akampa mtoto chupa tupu na pesa zile zile za siku zote.

"Shikamoo, ami," akasema mtoto alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Asema umtilie mafuta mpaka shingoni, kama desturi."

Mwenye duka akapokea pesa, akazihesabu, akapima mafuta kwa kikombe chake na kuyatia ndani ya chupa. Lakini siku hiyo mafuta hayakufika shingoni. Yalisimama chini ya bega la chupa, na mtoto akayatazama.

"Ami, haikujaa."

"Naona, mwanangu. Kamwambie mama kwamba si mimi niliyempunja. Serikali imetia ushuru mpya, shilingi 18 kwa kila lita. Mimi nami nimenunua vivyo hivyo."

Mama hakuridhika, akaenda mwenyewe. Akarudi kimya, kwa maana aliwakuta jirani zake watatu pale dukani, kila mmoja na chupa yake, na wote wameambiwa neno lile lile. Usiku ule alizishusha tambi za jiko ili mafuta yafike asubuhi, na mahamri ya mwisho yakatoka meupe, hayakuiva sawasawa. Swali alilouliza lilikuwa rahisi, nalo lilikuwa la haki: Serikali yatafuta nini katika chupa ya maskini? Jibu lake si la neno moja, na atakaye kulipata sharti aanze mbali kidogo.

Hapo zamani watu wa pwani waliwasha taa zao kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Huko Ulaya na Marekani matajiri waliwasha mafuta ya nyangumi, na nyangumi wakavuliwa hata wakaanza kuadimika baharini. Kisha katika mwaka wa 1859, karibu na mji wa Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mtu mmoja jina lake Edwin Drake alichimba kisima kisichokuwa cha maji. Alipofika kina cha futi 69 mafuta meusi yakapanda. Tangu siku hizo biashara ya mafuta ya ardhini ikaenea duniani kote, na kitu cha kwanza ambacho watu walikitaka katika mafuta hayo hakikuwa cha kuendeshea magari, kwa kuwa magari hayakuwako bado. Walitaka mwanga wa usiku.

Mafuta hayo yalifika pwani ya Afrika ya Mashariki ndani ya makopo makubwa ya bati, kila moja galani nne. Kopo hilo likaitwa debe. Watu walipokwisha kutumia mafuta hawakulitupa kopo: walitekea maji, walipimia mahindi na mchele, na wengine waliyapasua madebe na kuyanyosha wakaezekea nyumba. Ndiyo maana hata leo mkulima ambaye hakununua mafuta kwa debe maisha yake yote hupima mavuno yake kwa madebe. Mafuta ya taa yaliingia katika maisha ya watu kwa mlango wa usiku, na kopo lake likabaki mchana.

Mafuta yatokayo ardhini hayawezi kutumika vile yalivyo. Ni meusi na mazito, na yakitiwa katika taa hutoa moshi mwingi na mwanga haba. Sharti kwanza yasafishwe, na kazi hiyo hufanywa kwa moto. Kila apikaye amepata kuona matone ya maji chini ya kifuniko cha chungu: maji yalichemka, yakawa mvuke, mvuke ukapanda ukakutana na kifuniko kilichopoa, ukarudi kuwa maji. Katika kiwanda cha kusafishia mafuta hufanyika jambo hilo hilo, ila chungu ni tanuru kubwa, na mahali pa kifuniko pana mnara mrefu wa chuma ambao chini ni moto sana na juu umepoa. Mvuke ulio mwepesi hupanda karibu na kilele kabla ya kugeuka maji maji, na hiyo ni petroli. Ulio mzito kidogo hugeuka chini yake, na hayo ni mafuta ya taa. Chini yake tena hutoka dizeli, inayoendesha malori na mabasi. Mabaki ya chini kabisa ni mafuta mazito ya meli, na lami ya barabara.

Basi mafuta ya taa na dizeli ni kama majirani wa ukuta mmoja. Ukiyamimina pamoja hayagombani kama maji na mafuta yanavyogombana. Huchanganyika mara moja, wala jicho la mtu haliwezi kuyatenga tena. Jambo hili dogo la mnara ndilo lililokuja kuitikisa chupa ya yule mama. Tena yafaa kujua kwamba mafuta yanayorusha ndege kubwa angani ni karibu sawa na mafuta ya taa, ila yamesafishwa na kuangaliwa zaidi. Koroboi ya kijijini na ndege ipitayo juu yake hunywa karibu kinywaji kimoja.

Changamwe yenyewe ilikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Kilianza kazi mwaka wa 1963, na kwa miaka 50 mafuta meusi yalikuwa yakishushwa bandarini na kuchemshwa hapo hapo. Lakini mitambo ikazeeka, na viwanda vipya vya Bara Hindi na Ghuba vikaweza kusafisha kwa gharama ndogo kuliko hicho. Katika mwaka wa 2013 kazi ya kusafisha ikakoma. Tangu hapo Kenya hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa, mengi yakitoka nchi za Ghuba. Huja kwa meli mpaka Kipevu, huhifadhiwa katika matangi makubwa, kisha husukumwa kwa bomba mpaka Nairobi, na kutoka huko mpaka Nakuru, Eldoret na Kisumu. Bomba la Mombasa mpaka Nairobi lilianza kazi mwaka wa 1978. Kwa hiyo wakazi wa Changamwe huishi mlangoni pa ghala ya nchi nzima, nao hununua kwa chupa.

Bei ya chupa huanza mbali na duka. Wafanya biashara wa dunia huuza mafuta kwa pipa, na pipa moja ni lita 159. Bei ya pipa haikai mahali pamoja. Mwezi wa Oktoba, 1973, vita viliwaka kati ya Israeli kwa upande mmoja na Misri na Syria kwa upande wa pili, na nchi za Kiarabu zenye visima zikapunguza mafuta ziliyokuwa zikiuza. Kabla ya vita pipa lilikuwa yapata dola 3; mwezi wa Januari, 1974, lilikuwa karibu na dola 12. Kenya haikuwa na ugomvi na mtu katika vita vile, wala Tanzania, lakini nchi zote mbili zilitakiwa kulipa mara nne kwa kitu kile kile, na kahawa na chai walizouza hazikupanda mara nne. Baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka wa 1979 pipa likapita dola 30. Mwezi wa Julai, 2008, likafika dola 147, na kabla ya mwaka kwisha likashuka chini ya 40. Hata tarehe 20 Aprili, 2020, wakati ugonjwa wa Korona ulipowafungia watu majumbani na magari yakasimama, katika soko la New York ilitokea ajabu isiyopata kuonekana: wenye mikataba ya kupokea mafuta hawakuwa na mahali pa kuyaweka, wakawalipa wengine ili wawaondolee mzigo huo. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi, 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa likapita dola 120.

Jambo la pili ni thamani ya shilingi. Mafuta hununuliwa kwa dola, na dola sharti zinunuliwe kwa shilingi. Mathalani pipa likiwa dola 80, na dola moja ikiwa shilingi 130, pipa ni shilingi 10,400. Dola ikipanda ikawa shilingi 160, kama ilivyokuwa Kenya mwezi wa Januari, 2024, pipa lile lile ni shilingi 12,800, ingawa huko Ghuba hakuna aliyeongeza hata senti moja. Mwenye duka hawezi kumweleza mtoto jambo hili katika muda wa kupima kikombe cha mafuta, naye mara nyingi hulijua vema.

Jambo la tatu ni gharama za safari na faida za wauzaji. Mafuta huwa rahisi kidogo Mombasa, na kadiri yanavyoingia bara ndivyo bei inavyopanda, mpaka Mandera, kwenye mpaka wa Somalia na Ethiopia, ambako aghalabu huwa ghali kuliko miji yote ya Kenya. Tangu mwezi wa Desemba, 2010, muuzaji haruhusiwi kujipangia bei apendavyo. Halmashauri ya nchi inayosimamia nishati, ambayo leo huitwa EPRA, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi bei ya juu kabisa kwa kila mji, na bei hiyo hushika tangu tarehe 15 mpaka 14 ya mwezi unaofuata. Neno nishati maana yake ni nguvu ya kufanyia kazi, iwe ya moto, ya umeme, ya upepo au ya jua.

Jambo la nne ni kodi na ushuru, na hapo ndipo Serikali inapoingia katika chupa. Karibu kila nchi hutoza mafuta, maana ni vigumu kuyaficha na kila mtu huyahitaji. Sehemu ya fedha hizo ina kazi inayojulikana: katika Kenya kila lita ya petroli na dizeli hutozwa fedha ya kutengenezea barabara, shilingi 18 tangu mwaka wa 2016, na 25 tangu Julai, 2024. Sehemu nyingine huingia katika hazina ya nchi, zikalipa waalimu, waganga na madeni.

Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalitozwa kidogo kuliko dizeli. Sababu yake ilikuwa njema. Wenye kutumia dizeli ni wenye malori na mashini. Wenye kutumia mafuta ya taa ni wajane, wachuuzi, na watoto wasomao usiku. Waliopanga jambo hilo walikuwa na huruma, ila waliusahau ule mnara wa chuma na majirani wake wa ukuta mmoja.

Mathalani mtu ana gari la tangi lenye dizeli lita 25,000. Akatia ndani yake mafuta ya taa lita 5,000, akaziuza zote 30,000 kwa bei ya dizeli. Ikiwa mafuta ya taa ni rahisi kwa shilingi 20 kila lita, amepata shilingi 100,000 katika usiku mmoja, bila kulima wala kushona wala kubeba mzigo. Watu wengi walifanya hivyo. Mafuta ya maskini yakawa yanaondoka kwa matangi, yakaingia katika malori ya watu wasiojua kitu. Na mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli: pampu ya mashini iliyozoea kulainishwa na dizeli hukwaruzika, ikachakaa kabla ya wakati wake. Mwenye lori alilipa bei kamili, akapata mchanganyiko, na baadaye akamlipa fundi. Hazina nayo ilipoteza ushuru wa dizeli kwa kila lita iliyochanganywa.

Serikali ilijaribu kuwatafuta waovu mmoja mmoja. Katika mafuta ya taa ilitiwa dawa ya alama isiyoonekana kwa macho. Wakaguzi wakaenda katika vituo vya kuuzia, wakapima dizeli, na ikionekana alama ile kituo kilifungwa na mwenyewe akatozwa faini. Kazi hiyo ilisaidia, lakini vituo ni vingi na wakaguzi ni wachache, na faida ya usiku mmoja yaweza kulipa faini. Ndipo ikaonekana njia ya pili: kuiondoa faida yenyewe. Mafuta ya taa yakigharimu karibu sawa na dizeli, nani atakayejisumbua kuchanganya? Tanzania ilikwisha kuifuata njia hiyo mwaka wa 2011, ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya nayo, katika sheria ya fedha ya mwezi wa Septemba, 2018, ikatia ushuru maalum wa kuzuia uchanganyaji, shilingi 18 kwa lita. Hiyo ndiyo habari aliyopewa mtoto pale dukani.

Kwa upande wa waovu dawa ilifanya kazi upesi. Mafuta ya taa yaliyouzwa nchini yalipungua hata katika mwaka mzima wa 2019 hayakufika nusu ya yale ya mwaka wa 2017. Haiwezekani kwamba nusu ya majiko ya Kenya yalizimika kwa muda huo mfupi. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyotoweka katika hesabu hayakuwa yakiingia jikoni hata kidogo. Hesabu hiyo peke yake yaonyesha jinsi uovu ulivyokuwa mkubwa, na mtu mwadilifu hawezi kusema kwamba Serikali ilikosa sababu.

Lakini ushuru hauna macho. Haukumwuliza mnunuzi, Je, wewe wachanganya au wapika? Ulimtoza mwenye tangi na mwenye chupa sawasawa, na mwenye tangi akaacha biashara ile akatafuta nyingine, lakini mwenye chupa hakuwa na jiko jingine. Tena mwaka ule ulikuwa mbaya kwa jambo la pili. Mwezi wa Februari, 2018, Serikali ilikuwa imekataza kukata miti katika misitu yake, kwa sababu mito ilikuwa imepungua maji, na makaa yakapanda bei. Amri hiyo iliwekwa kwanza kwa siku 90, kisha ikaongezwa tena na tena, hata ikaondolewa mwezi wa Julai, 2023. Amri ya misitu ilikuwa na sababu njema, na ushuru wa mafuta ulikuwa na sababu njema, na kila moja ilitoka katika ofisi yake. Zilikutana jikoni. Mwanamke aliyekimbia makaa aliangukia mafuta ya taa, na aliyekimbia mafuta ya taa aliangukia makaa, au alitafuta kuni.

Huenda mtu akauliza kwa nini watu hao hawakununua gesi. Wengi walinunua, na Serikali ilitaka wanunue, kwa kuwa moshi wa kuni na makaa huwadhuru macho na mapafu wapikao, na watoto waliobebwa mgongoni. Mwaka wa 2016 kodi ya thamani iliondolewa katika gesi ya kupikia, na mitungi midogo ya kilo 6 ikaenea mitaani hata katika vyumba vya kupanga. Lakini Julai, 2021, kodi ikarudishwa, asilimia 16. Mwaka uliofuata pipa la mafuta duniani likapanda, na mtungi wa kilo 13 ukapita shilingi 3,000. Julai, 2022, kodi ikapunguzwa ikawa asilimia 8. Na mwaka wa 2023 ikaondolewa tena. Mtu aliyenunua jiko la gesi mwaka wa 2020 kwa kuamini bei ya siku ile aliona kodi ikirudi, ikipungua na kuondoka tena ndani ya miaka mitatu. Hasara ya mabadiliko hayo si fedha tu. Anayepata mapato yake kwa siku, na jiko lake ni mali kubwa kuliko zote alizo nazo, hawezi kubadili jiko kila bajeti inaposomwa. Akiisha kuona mara moja kwamba gesi imemtupa, hulishika jiko lake la kale kwa mikono miwili.

Serikali yaweza pia kufanya kinyume cha ushuru, yaani kulipa sehemu ya bei kwa niaba ya mnunuzi. Malipo hayo huitwa ruzuku. Tangu mwaka wa 2020 kila lita ya petroli na dizeli katika Kenya ilitozwa shilingi 5 na senti 40, ikawekwa akiba, na tangu Aprili, 2021, akiba hiyo ikatumika kuzuia bei isipande. Mpango huo unafanana na wa mkulima mwenye busara, awekaye nafaka wakati wa mavuno ili ale wakati wa njaa. Lakini mkulima hupata mavuno baada ya njaa, na njaa ya mwaka wa 2022 ilikuwa ndefu kuliko ghala. Akiba ikaisha. Serikali ikawa inadaiwa na kampuni za mafuta, na mara nyingine vituo vikakosa mafuta, madereva wakakesha katika foleni.

Mwezi wa Septemba, 2022, Serikali mpya iliyokuwa imeingia madarakani siku hizo iliondoa ruzuku ya petroli yote, na kuacha sehemu tu katika dizeli na mafuta ya taa. Mjini Nairobi lita ya petroli ikatoka shilingi 159 na senti 12 ikawa 179 na senti 30. Dizeli ikatoka 140 ikawa 165. Mafuta ya taa yakatoka 127 na senti 94 yakawa 147 na senti 94. Watu walilalamika sana, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Walakini ruzuku nayo ina siri yake ambayo haisemwi mara nyingi. Mwenye gari kubwa anunuaye lita 60 kwa safari moja hupata ruzuku mara 120 ya mama anunuaye nusu lita, maana ruzuku huhesabiwa kwa lita, si kwa mtu. Fedha iliyotajwa kwa jina la maskini ilikuwa ikimiminika zaidi katika matangi ya wenye magari. Si rahisi kusema ni lipi lililo baya zaidi, ushuru usiomwona maskini au ruzuku imwonayo kidogo tu.

Upande wa umeme habari ni nzuri zaidi, na yastahili kusomwa pamoja na hii. Karibu na Naivasha, katika Bonde la Ufa, pana mahali paitwapo Olkaria, ambapo ardhi hutoa mvuke. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya sabini, kazi ya kuchimba visima vya mvuke ikapewa nguvu, na mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Mvuke huo hauletwi kwa meli wala haununuliwi kwa dola, na vita vya mbali haviupandishi bei. Katika mwaka wa 2000 ukame ulikausha mabwawa ya umeme wa maji, ikabidi umeme ugawanywe kwa zamu na mitambo ya dizeli ikodiwe kwa gharama kubwa. Tangu hapo visima vya Olkaria vimeongezwa sana, na kaskazini, karibu na ziwa la Turkana, zimesimamishwa pepea 365 za kunasa upepo, zilizoanza kutoa umeme mwaka wa 2018. Zaidi ya Wakenya saba katika kila kumi wamefikiwa na umeme, na wengine wengi wana taa ndogo za jua. Kwa hiyo koroboi, iliyokuwa sababu ya kwanza ya mafuta ya taa kuja nchini, inazimika.

Ila kupika si kuwasha taa. Taa ndogo hula umeme kidogo mno. Sufuria ya mafuta ya kukaangia mahamri hula umeme mwingi, na bei yake humtisha mchuuzi. Mwanga umepata njia ya kutoka katika chupa, lakini moto wa jikoni bado uko njiani.

Yule mama wa Changamwe hakuacha biashara yake. Kwa muda alipunguza ukubwa wa mahamri, wateja wakagundua, akarudisha ukubwa na kuongeza bei, na wengine hawakurudi. Baadaye alichangia kikundi cha akina mama, na zamu yake ilipofika akanunua mtungi wa gesi. Mahamri hukaangwa kwa gesi, kwa kuwa hutaka moto usiotikisika. Mbaazi huchemka muda mrefu, basi huwekwa juu ya jiko la makaa tangu jioni, maana kuzichemsha kwa gesi ni kuila faida yote. Jiko la tambi limewekwa chini ya meza, limefutwa na kufunikwa gunia, wala hakubali kuliuza. Mtungi ukiisha katikati ya wiki, kabla ya pesa za mtungi mwingine kutimia, hulitoa, huzipunguza tambi zake kwa mkasi, na mtoto mdogo hutumwa dukani na chupa ile ile.